Sauti ya Mama Ritha Iliyobaki Sokoni Nyarugusu

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Mageni na wa ukoo wa Masele, majirani wa Kambarage mliolala nje na baridi hii ya Juni, wachimbaji mliofunga maduara yenu ya dhahabu Nyarugusu mkapanda lori kuja huku Kharumwa, na ninyi wasikilizaji wa Redio Igembe ambao wengi wenu mnamwona leo kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya sanduku, familia imemsimamisha Pantaleo Ngusa, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, awasomee dada yake alikotoka, alikopita na kilichomfika, na inawaomba uvumilivu, kwa sababu haya hayakuandikwa ili kumfurahisha mtu, na marehemu mwenyewe aliagiza kwamba yasipunguzwe makali.

Paskazia Ngusa Mageni alizaliwa tarehe 9 Machi 1980 hapa Kharumwa, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Geita na Mkoa wa Mwanza, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngusa Mageni, mfugaji na mkulima wa pamba, ambaye alitangulia mwaka 2012, na wa Mama Sesilia, ambaye yupo mbele yenu, amekaa mkekani kwa sababu amekataa kiti. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, na Mama Sesilia husimulia kwamba baba yao alipoleta redio nyumbani baada ya msimu mzuri wa pamba, watoto wengine walicheza muziki, ila Paskazia aliketi karibu na ile redio akaisemesha Kisukuma, na ilipozidi kusema Kiswahili chake alimfuata baba yake zizini akamwambia, "Baba, huyu mgeni wako hasikilizi, anaongea tu," maneno ambayo Mzee Ngusa aliyarudia kwa wageni miaka mingi, akicheka mpaka machozi.

Alisoma elimu ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, na wenzake wa darasa lile waliopo hapa wanakumbuka kwamba Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani yake kama mchanga ndani ya mchele, mwalimu akimsimamisha asome kwa sauti darasa zima linaanguka kicheko, naye hakukaa chini wala hakulia, alisoma mpaka mwisho wa ukurasa, akafunga kitabu, ndipo akaketi. Alifaulu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na kijijini petu ziliangukia kwa wengine, kwa hiyo alirudi shambani na kulima pamba na wazazi wake.

Mwaka 1998 alifuatana na shangazi yake Asteria kwenda Nyarugusu, ambako shangazi aliwapikia wachimbaji, na Paskazia, aliyepewa kazi ya kuosha masufuria, alizoea kumaliza haraka na kwenda kusimama kwenye kibanda cha fundi redio mmoja Mha kutoka Kasulu, mtu mkali asiyependa kuzibiwa mwanga, mpaka siku yule fundi alipochoka kumfukuza akamwambia, "Basi kama huondoki, shika tochi," na kwa kushika tochi ndivyo alivyojifunza kuchomelea waya, kutofautisha spika iliyokufa na iliyozimia, na simu za mkononi zilipoingia machimboni, ni yeye aliyekuwa na vidole vya kuzifungua na subira ya kuzifunga tena.

Hapo ndipo alipomwona Thobias Masele, mwendesha karasha, yaani ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, aliyempelekea simu iliyojaa vumbi, ikasafishwa, kesho yake akairudisha imejaa vumbi tena, na keshokutwa vilevile, mpaka Paskazia akamwambia mbele ya wateja, "Kaka, simu yako haiumwi, sema unachotaka," na Thobias, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema. Walifunga ndoa takatifu Nyarugusu, Jumamosi tarehe 7 Februari 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ritha, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 2004, na George, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2010, wote mnawaona hapa.

Mwaka 2011 vumbi la karasha lilikwisha kuingia kifuani mwa Thobias, daktari akamkataza machimbo, familia ikahamia Shinyanga mjini, kata ya Kambarage, na Paskazia akafungua kibanda cha fundi simu ambacho ndicho kilichowalea wote. Watu walimletea simu mbovu, lakini baada ya muda wakaanza kumjia kabla ya kununua, "Mama Ritha, nichukue ipi?", naye hakuwa mtu wa kusoma yaliyoandikwa kwenye boksi na kuyarudia, aliiazima simu yenyewe dukani, akaiweka juu ya bati jua la Oktoba, akaifukia kwenye vumbi la pumba, akaitundika shingoni akapanda pikipiki mpaka huku Kharumwa, na mwisho wa yote akampigia Mama Sesilia, ambaye masikio yake ni mazito tangu zamani, na kama Mama Sesilia alisikia bila kuuliza mara ya pili, simu hiyo ilikuwa imefaulu.

Kutoka kibandani sauti yake ilifika Redio Igembe, ambako kuanzia tarehe 4 Aprili 2015 aliendesha kipindi cha Simu Mkononi kila Jumamosi mchana, na baadaye Ritha akamfungulia chaneli mtandaoni, na kile Kiswahili kilichochekwa darasani ndicho kilichowafanya watu wazime pikipiki pembeni mwa barabara wasikilize. Alianza kila mara kwa salamu ya kwetu kwa akina baba na akina mama, "Mwadila, baba, mwadila, mayu, ni mimi Mama Ritha," kisha akasema analosema bila kuchuja. Alisema simu ni kama ng'ombe, usiinunue kwa kutazama pembe, alisema kampuni inayoleta maboresho ya programu yanayoifanya simu ya mwaka jana ikohoe ni sawa na mganga anayekuroga ili umrudie, alizisema zile programu za filamu na tamthilia zinazotangazwa kuwa za bure, kwamba panya peke yake ndiye asiyeuliza nani kaweka dagaa pale mtegoni, aliwasema waandishi wa habari za burudani wanaoshinda kutwa wakitangaza nani kaacha kumfuata nani mtandaoni huku mchezo mpya wa simu ukiwakosesha watoto usingizi na hakuna anayeuandika, na kila Jumamosi kabla ya kuaga alirudia neno moja, "Kabla hujabonyeza Nimekubali, soma, na kama hujui kusoma tafuta wa kukusomea, maana mwizi wa siku hizi habomoi mlango, anakuomba ufunguo kwa adabu."

Kwa maneno hayo alipendwa na kwa maneno hayohayo alichukiwa, kwani mwaka 2019 wakala mmoja wa simu alimletea simu mpya ya zawadi ili aisifie, naye Jumamosi iliyofuata alimshukuru hewani, akataja uzuri wa ile simu, akataja na ubovu wake wote, kisha akamrudishia wakala mbele ya kipaza sauti, na mkurugenzi wa redio, ambaye yupo hapa na anakumbuka jinsi tangazo la wakala yule lilivyoondoka siku hiyohiyo, alimwita pembeni akamuuliza, "Mama, unataka tule nini?", naye akajibu, "Tule tulichokuwa tunakula jana." Hakuwa mtakatifu, alikuwa na hasira za karibu, aliwahi kumrushia mteja betri, na mtu akimwambia jambo asilolipenda alikaa kimya hata wiki, lakini alichokisema kuhusu kitu alikuwa amekijaribu kwanza, na watu wa Shinyanga na Geita waliweza kununua simu wakiwa wamefumba macho kwa sababu Mama Ritha alikwisha kuzifungulia macho yake.

Sasa familia inafika mahali ambapo ingependa kuparuka, lakini marehemu alikataza.

Mwaka 2014 Paskazia alimpokea kibandani kijana wa Kambarage aliyemaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda, Sostenes, akamfundisha ufundi, akamlisha kwenye sinia moja na wanawe, na Sostenes alipopata nafasi ya kusomea programu za kompyuta Dar es Salaam mwaka 2017, Paskazia alimpa kompyuta yake mpakato, ambayo hakuwa na nyingine, akamsindikiza stendi. Septemba 2022 Sostenes alirudi na gari lenye jina la kampuni ya programu iitwayo Sautika, akapiga goti, "Shikamoo, mama," akaeleza kwamba wanatengeneza programu itakayowasomea simu vipofu na watu wasiokwenda shule, kwa Kiswahili cha watu wa huku, siyo cha wasoma taarifa wa mjini, na kwamba kwa jambo hilo hakuna sauti nyingine nchini ila yake. Paskazia alimfikiria mama yake, ambaye hajui kusoma na kila ujumbe wa simu humsubiri mjukuu, akakubali kabla chai haijapoa.

Walimrekodi Shinyanga, kwenye chumba cha hoteli walichokizungushia magodoro ukutani, na alisoma salamu, tarakimu, majina ya vijiji, habari za mvua na za ng'ombe, wakamwomba acheke, akacheka, wakamwomba akasirike, akawaambia, "Basi nileteeni hapa kampuni moja ya simu," wakacheka wote, na jioni alirudi nyumbani na koo kavu akiwa na furaha ambayo Thobias anasema hakuwahi kuiona tangu George azaliwe. Siku ya kumaliza, Sostenes alimletea kishikwambi kilichojaa maandishi madogo na kitufe chini, Paskazia akauliza, "Hapa pameandikwa nini?", Sostenes akajibu, "Ni vigezo na masharti tu, mama, vya kawaida," naye akabonyeza Nimekubali bila kusoma, kwa sababu aliyemwambia hivyo alikuwa amekula ugali wake. Hilo ndilo aliloagiza lisomwe, na aliandika hivi, "Waambieni kwamba nilibonyeza, wasije wakadhani yanawapata wajinga peke yao."

Julai 2023 ziliingia Nyarugusu simu ziitwazo Tambari, nzuri kwa macho, na mchimbaji Makoye, huyu aliyesimama pale nyuma kwa sababu kukaa kunamuuma, alishuka duarani, kule shimoni, nayo mfukoni, betri ikavimba na kuwaka moto kwenye paja lake, akapandishwa kwa kamba akipiga kelele, na Paskazia aliposikia alifunga kibanda, akaenda mwenyewe, akaichukua ile simu iliyoungua, akaifungua mbele ya kamera kiungo kwa kiungo, akaonyesha palipowekwa betri isiyostahili, akasema, "Msinunue Tambari, na ukipewa bure, kataa," na kwa miezi iliyofuata wauzaji wa Geita hadi Kahama waliziweka simu zile chini ya meza.

Mwishoni mwa mwaka huohuo sauti yake ilianza kukwaruza, akadhani ni vumbi na kuongea sana, akanywa tangawizi na asali, Januari 2024 akashindwa kumaliza kipindi, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, na vipimo vikaonyesha saratani ya zoloto, yaani pale kooni sauti inapotokea. Tarehe 20 Februari 2024 alifanyiwa upasuaji, madaktari wakaokoa uhai wake kwa kuiondoa sauti, wakamwachia tundu la kupumulia shingoni, na maneno ya mwisho aliyoyasema kwa koo lake mwenyewe, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, alimwambia George kwenye simu, nayo yalikuwa, "Umekula?"

Alirudi Kambarage, akafunga kitenge shingoni, akaketi tena kwenye meza yake ya ufundi, akiwajibu wateja kwa kuandika kwenye simu, na hakuna aliyemsikia akilalamika, kwa sababu hakuwa na sauti na kwa sababu hakulalamika. Kisha Agosti 2024 Hosiana, mke wa mchimbaji mmoja Nyarugusu na mteja wa miaka mingi, alimpigia Ritha bila salamu, "Mwambie mama yako ametuuza," Ritha akasema, "Dada, unasema nini?", na Hosiana hakueleza, aliisogeza simu yake kwenye spika ya gari la matangazo lililokuwa sokoni, na ndani ya kibanda cha Kambarage ikasikika, safi, yenye afya, na kile kicheko chake mwishoni, "Mwadila, baba, mwadila, mayu, ni mimi Mama Ritha, Tambari mpya nimeijaribu mwenyewe, kwa vumbi, kwa jua, chukua, mwanangu, chukua." Ritha aligeuka kumtazama mama yake, na Paskazia alikuwa ameinua kichwa, ameshika chuma cha kuchomelea, ameshakisahau, kikiunguza meza mpaka moshi ukajaa kibandani.

Aliandika mtandaoni siku hiyohiyo kwamba sauti ile si yake, kwamba yeye hana sauti, na watu wakamjibu kwamba akaunti ya Mama Ritha imedukuliwa, msimsikilize huyu anayeandika, sisi Mama Ritha tumemsikia kwa masikio yetu, na wenzake wa Redio Igembe walisoma tangazo la kumtetea, tangazo likadumu mchana mmoja, na jioni redio nyingine ikawapa watu sauti yake tena, ikisifia Tambari, na baada ya hapo programu ya michezo ya kubahatisha, na baada ya hapo kifurushi cha tamthilia, yaani vile vyote alivyovisema kwa miaka tisa akavisifia kwa wiki mbili.

Basi siku ya gulio alikwenda Nyarugusu pamoja na Thobias na Ritha, akalikuta lile gari limezungukwa na watu, akapanda juu pasipo kumwomba mtu ruhusa, akasimama kando ya spika iliyokuwa ikiongea kwa sauti yake, akafungua kitenge na kuwaonyesha tundu. Waliokuwa karibu walinyamaza, akina mama wawili wakashika vinywa, lakini spika haikunyamaza, muuzaji alinyoosha mikono akasema, "Mama, mimi nimeletewa flashi tu, sijui lolote," na kijana mmoja katikati ya watu akapaza sauti, "Sasa kama si wewe, huyu anayeongea ni nani?", na Paskazia akafungua kinywa kumjibu, kwa mazoea ya mtu aliyejibu watu maisha yake yote, na kilichotoka ni upepo, shingoni. Hosiana alipanda akamshika mkono, akalia, akaomba radhi mbele ya watu, akamrudishia muuzaji Tambari aliyokuwa ameinunua, na Makoye akapandisha kaptula waone kovu la paja, watu wakatikisa vichwa wakisema pole, mama, pole sana. Lakini walipokuwa wakishuka Ritha aligeuka nyuma, akaona foleni imejipanga upya, kwa sababu siku ile Tambari ilitolewa pamoja na kofia ya bure.

Novemba 2024, baada ya kutafutwa sana, Sostenes alikuja nyumbani Kambarage, akakaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia zamani, Paskazia akaandika neno moja kwenye simu na Ritha akalisoma, "Futa," naye Sostenes akajibu taratibu, "Mama, haifutiki, programu imejifunza sauti yako na inasema lolote inaloandikiwa, ilishachanganywa mle ndani kama chumvi kwenye mchuzi, na kampuni imeshanunuliwa na wakubwa wa nje, mimi mwenyewe ni mwajiriwa tu." Paskazia akaandika, "Chumvi ilikuwa ya nani?", Sostenes akasema, "Mama, ulikubali," na hapo Thobias, ambaye kwa kifua chake hawezi kupiga kelele hata angetaka, akamwambia, "Toka, kabla sijapata pumzi."

Mwanasheria aliwaambia kwamba kesi yenyewe, kwa maandishi yale ya kishikwambi aliyoyakubali, inapaswa kufunguliwa nchi ya mbali ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuitaja bila kusoma, malalamiko yakaandikwa ofisini, ofisi moja ikayapeleka nyingine, na mpaka leo yapo njiani.

Krismasi ya mwaka huo Paskazia alikuja hapa Kharumwa kupumzika kwa mama yake, na mchana mmoja wakiwa wawili jikoni, jirani alipita njiani na simu yake imefunguliwa kwa sauti kubwa, ikasema, "Mwadila, baba, mwadila, mayu, ni mimi Mama Ritha," na Mama Sesilia, ambaye kwa masikio yake mazito huchagua cha kusikia, aliacha mwiko, akainuka mwenyewe bila kushikwa, akatoka nje mikono imenyooshwa, akiitikia, "Mwadila, ng'wana wane, mwanangu, umepona!", akitazama barabarani huku na huku, na Paskazia alikuwa nyuma yake, mlangoni, hatua chache tu, hana la kumwita nalo. Alimfuata akamgusa bega. Ritha anasema mama yake alivumilia kisu, mionzi na soko la Nyarugusu, lakini tangu siku ile alikataa kula vizuri, na kila simu ilipolia karibu naye alishtuka kama mtu aliyeitwa na mchawi.

Machi 2025 saratani ilirudi, safari hii mapafuni, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na katikati ya maumivu yale aliendelea kuandika maoni yake kila Jumamosi kuhusu simu mpya, programu mpya na kampuni mpya, maoni makali na ya haki kama zamani, yakisomwa na watu wachache sana, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kumsikia, na anayesikika alikuwa yule mwingine. Kipindi cha Simu Mkononi kilishabadilishwa kuwa cha habari za wasanii. Alifariki dunia nyumbani Kambarage, asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, Thobias akiwa amemshika mkono, Ritha akiwa amemwekea mto, na alikuwa amekwisha kuagiza kwamba msibani kwake isiwekwe spika wala isipigwe rekodi yoyote, ndiyo maana Pantaleo anawasomea kwa koo lake na wa nyuma mnalazimika kusogea.

Juzi Jumatano Sostenes alipiga simu kutoa pole, na baada ya pole akasema kampuni ingependa kuandaa shukrani kwa waombolezaji kwa sauti ya marehemu mwenyewe, ili, kwa maneno yake, mama asisahaulike, na Ritha akamjibu, "Kaka, mama yangu amekufa, ninyi mnataka afanye kazi," akakata. Sostenes yupo hapa leo, ameketi chini ya turubai la pili, na familia inaomba asiguswe na mtu wala asitukanwe, kwa sababu hatumfukuzi mtu msibani, Mama Sesilia amepokea shikamoo yake na atapewa chakula kama wenzake, lakini mbele ya Mungu, ya Baba Paroko na ya watu wote hawa inamwambia kwamba ile programu ya kuwasomea vipofu na wasiojua kusoma, ambayo kwayo aliombwa sauti, mpaka leo hatujamwona kipofu mmoja aliyeipata, na Mama Sesilia bado anamsubiri mjukuu amsomee. Sauti ile haikutolewa kwa mkopo wala kwa zawadi, ilichukuliwa, na familia haijasamehe, na ikisamehe itamjulisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa Shinyanga, waliopigania pumzi yake mpaka mwisho, hasa wauguzi waliomfundisha Ritha kusafisha lile tundu bila kuogopa, inawashukuru majirani wa Kambarage kwa kuni, kwa maji na kwa kukesha, mafundi simu wa Shinyanga mliofunga vibanda mkabeba jeneza, wafanyakazi wa Redio Igembe kwa kumtetea mchana ule mmoja, ambao ni zaidi ya wengi, Hosiana kwa kupanda juu ya gari, Makoye kwa kuja na mguu wake, na wote ambao hatuwezi kuwataja, Mungu anawajua.

Paskazia, mtoto wa Ngusa, mke wa Thobias, mama wa Ritha na George, sanduku lako linateremshwa sasa, na hakuna mtu hapa atakayesema kwa niaba yako. Pumzika, dada, udongo huu wa kwenu ukupe amani tuliyoshindwa kukupatia juu yake.